Kabla Hujauona Mkono wa Baba Yako

Shabani mwanangu,

Mvua imetufungia kazi mchana huu, na wewe uko mtaa wa Makiso unaaga rafiki zako. Nimeegesha mlango wa karakana, nimekaa kwenye benchi la kazi, nakuandikia. Mambo ya chandarua, ya dawa za malaria na ya maji ya njiani nimeshakuambia mpaka umechoka, kwa hiyo humu hutayakuta. Kesho asubuhi unapanda pikipiki kwenda Buta, kwa baba yako, mtu ambaye hujamwona tangu ulipokuwa unabebwa kwenye keria ya baiskeli. Atakunyoshea mkono wa kuume akusalimu, na utaona vidole viwili havipo na cha tatu kimebaki kipande. Atakuambia vilikwendaje, au watu wa huko watakuambia. Nataka uwe umeshasikia kwangu, mimi niliyekuwa juu ya baiskeli ile.

Nitaanza na uzuri wake, kwa sababu ulikuwepo, na ndio ulioniingiza.

Nilipomjua baba yako, Amisi, alikuwa kijana wa mtaa huu huu wa Tshopo, anafanya kazi chini ya mabati kando ya njia ya kwenda kwenye bwawa la umeme. Alikuwa na baiskeli moja isiyofanana na nyingine yoyote mjini. Mzungu mmoja alitoka nayo kwao Ulaya, akakanyaga nchi baada ya nchi, akaingia Kisangani malaria imempanda kichwani. Amisi ndiye aliyemwokota barabarani akamfikisha hospitali. Mzungu alipopata nafuu akarudi kwao kwa ndege, na baiskeli akamwachia yeye. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Fundi mmoja aliitengeneza kwa mkono, kwa ajili ya watu wa safari ndefu: mabomba membamba na mepesi, keria mbele na nyuma, na pale bomba linapokutana na bomba, kiungio kimechongwa kwa tupa mpaka kimekuwa chembamba kama ncha ya jani. Baba yako aliifungua yote, akaitandaza juu ya mkeka, akaisoma kipande kwa kipande.

Siku moja alichukua kidole changu akakipitisha pale kwenye kiungio.

"Unasikia nini?"

"Chuma."

"Hapana, sikia muzuri. Shaba iliingia yote, haikuacha fasi hata moja. Ule muzee mwenye alitengeneza hii, mi namujua. Sijamuona na macho, lakini namujua."

Nikasema moyoni, kama anampenda hivi mtu asiyemjua, kwa kugusa kazi yake tu, mimi nitakayelala naye nyumba moja atanipenda namna gani. Nikaolewa.

Akaanza kutengeneza za kwake. Unawajua wale wanaume wanaosukuma kwa baiskeli madumu, zile bidoni za mafuta ya mawese na magunia ya mpunga kutoka Bengamisa, Banalia, hata Buta. Baiskeli za dukani zilikuwa zinawavunjikia porini. Amisi alikuwa anachukua fremu zilizokufa na mabomba ya vitanda vya zamani, anayaweka mawili mawili, anayalehemu kwa shaba kwa kutumia shalumo, lile bomba la moto unalolijua, kisha anashinda na tupa mkononi kutwa nzima akilainisha kiungio ambacho msukuma mafuta hatakiangalia hata siku moja. Nilikuwa nakaa mlangoni namtazama. Sijawahi kuona subira kama ile.

Ndoa ilikuwa bado mpya aliponipiga mara ya kwanza. Nilikuwa nimefagia karakana, nikazipanga tupa zake ukutani kwa urefu, nikidhani nitamfurahisha. Aliingia, akatazama ukuta, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani aligusa?"

Nikasema ni mimi.

Akachomoa waya wa breki uliokuwa unaning'inia, akanichapa nao mgongoni na shingoni mpaka ngozi ikachanika. Halafu akarudisha tupa moja moja mahali pake, akaendelea na kazi. Jioni mama wa jirani aliniuliza shingo imefanya nini. Nikamwambia nilianguka na baiskeli.

Uongo ule, Shabani, ulinigharimu kuliko ule waya. Kwa sababu ukishauanza inabidi uulishe. Nilianguka na baiskeli kwa miaka. Jicho likivimba, nimeanguka na baiskeli. Nikichechemea, nimeanguka na baiskeli. Tshopo nzima ikajua kwamba mke wa fundi hajui kukanyaga, watu wakawa wananicheka nikipita, na waliojua ukweli walicheka pamoja nao ili wasilazimike kusema neno.

Mmoja alijaribu. Papa Kambale unamjua, yule mzee Mkatoliki wa Kivu anayeuza minyororo na gololi Makiso. Wakati ule alikuwa bado hajazeeka, na ndiye aliyekuwa anamuuzia baba yako vipuri. Alifika siku moja akanikuta chini na Amisi ananipiga na pampu.

"Amisi, acha huyu mwanamuke. Bon, utamuuwa."

Baba yako akageuka, akaokota bomba lililokuwa karibu, akampiga nalo mdomoni. Papa Kambale alitemea meno kiganjani, akayatazama, akaondoka. Haikupita muda mrefu akarudi. Alikuja kuagiza baiskeli, maana wateja wake hawakutaka za fundi mwingine. Alisimama hapo mlangoni na mdomo wake uliovimba, wakapatana, na mimi hakunitazama. Simchukii, hata leo nanunua kwake. Nakuambia ujue tu watu tulivyo. Mtu akiwa na mkono mzuri wa kazi, tunamsamehe kwa niaba ya yule anayempiga.

Ukazaliwa wewe. Nilifikiri utamtuliza, na kwa kitambo alitulia. Ulipoanza kutembea ulishikwa na homa, na baba yako siku ile alikuwa anaipaka mafuta ile baiskeli ya mzungu, anaipangusa katikati ya njiti za magurudumu. Nikamwambia, "Kama velo hii ingekuwa na homa, ungekuwa umeshaifikisha hospitali."

Alisimama akachukua nyundo. Mimi nikakusukuma chini ya benchi hili nililokalia na nikafunika kichwa. Lakini nyundo haikuja kwangu. Aliipiga ile baiskeli. Aliipiga kwenye viungio, vile vile alivyonishikisha kidole, mpaka shaba ikapasuka na mabomba membamba yakajikunja. Bomba moja lilipong'oka alilishika mkononi, akanigeukia. Nilinyanyua mkono wa kushoto kujikinga, nikasikia mfupa unavunjika kabla sijasikia maumivu. Ndiyo maana mkono huu haunyooki.

Kisha akakaa chini katikati ya vile vipande, akalia. Mkono wangu unaning'inia, wewe unapiga kelele chini ya benchi, na yeye anakusanya mabomba, anayapapasa, analia mpaka kamasi. Kwangu hakuwahi kulia.

Nikiwa bado nimefungwa plasta alianza kunitengenezea baiskeli. Aliifanyia kazi wiki nyingi. Bomba la juu alilishusha ili nipande vizuri na kitenge changu, akaipaka kijani, akachonga kila kiungio kama vya yule mzee wa Ulaya. Haijawahi kutoka nyingine kama ile katika karakana hii. Aliponiletea hakusema pole. Alisema, "Kanyaga, tuone." Nikapanda, ikaenda kama haigusi chini, na mimi nikacheka kwa furaha. Nikaipokea kana kwamba ndiyo msamaha wenyewe, ambao mdomo wake haukuutamka. Mtu akikuumiza na kukupa kitu kizuri, mwanangu, chukua kitu ukitaka, ila usijidanganye kwamba amesema neno ambalo hukulisikia.

Nilibaki. Nilibaki mpaka siku ulipomwaga gololi zake mchangani. Ulikuwa unacheza tu. Alikuita, ukamwendea ukitabasamu, akakupiga kofi ukaanguka, akakuinua akakupiga jingine upande ule ule, na tena, mpaka damu ikatoka sikioni. Sikio lako la kushoto halikuharibiwa na surua. Mimi ndiye niliyekuambia surua, na ukawaambia hivyo walimu wako, na nikanyamaza.

Alfajiri iliyofuata alipokwenda kuswali nilikufunga kwenye keria ya ile baiskeli ya kijani kwa kitenge, nikavuka daraja la Tshopo, nikashika barabara ya kaskazini. Mama yangu alikuwa analima mbele ya Bengamisa, nilitaka nifike kwake. Nilikanyaga siku nzima. Wewe ulikuwa nyuma, unanishika mgongo. Tulipita Bengamisa jua limeanza kuteremka, na kwenye mlima mdogo baada ya soko nikasikia pikipiki inapunguza mwendo. Alishuka, akamwambia dereva arudi.

"Shuka."

"Sishuki, Amisi."

Alilipiga teke gurudumu la mbele, tukaanguka wote, wewe ukiwa bado umefungwa. Alinikanyaga kifuani akanipiga ngumi za uso, nikawa sioni kwa jicho moja. Nilishika mchanga nikamtia machoni. Alipojishika uso niliinua baiskeli na wewe juu yake, sijui nilipata wapi nguvu, nikaisukuma nikapanda. Alitukimbilia kwa nyuma akijipapasa macho. Hakushika keria, hakunishika mimi. Akainama, akaukamata mnyororo. Alijua baiskeli kuliko mtu yeyote, nafikiri alijua hapo ndipo pa kuisimamisha.

Nilihisi uzito kwenye pedali. Nikatazama chini, nikauona mkono wake. Nikasimama juu ya pedali kwa mwili wangu wote.

Watakuambia ilikuwa ajali. Mimi niliuona mkono, nikakanyaga. Mnyororo ukauvuta mbele mpaka kwenye meno ya gurudumu la pedali, na alitoa sauti ambayo hata ng'ombe anayechinjwa haitoi. Baiskeli ilisimama, na sisi tukasimama nayo, mimi na wewe na yeye tumefungwa pamoja na chuma alichokitengeneza mwenyewe.

Ningeweza kumwacha. Niliteremka, nikazungusha pedali nyuma, polepole, mpaka mkono ukatoka. Vidole havikutoka vyote. Nilikufungua wewe, nikachukua kile kitenge nikamfunga mkono, nikamkalisha juu ya keria ulipokuwa umekaa, nikageuza baiskeli kurudi Bengamisa kwenye kituo cha afya. Ulitembea kando yetu umeshika kiti. Hakunitukana. Mlima ulipokwisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Zaina, sasa nitashika tupa na nini?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimsukuma badala ya kwenda zangu kwa mama. Damu yake ilikuwa inadondoka kwenye kisigino changu na mimi nasukuma.

Muuguzi alipomuuliza imekuwaje, alisema alikuwa anatengeneza mnyororo, mkono ukateleza. Alikuwa na mkewe mbele yake, uso umepondeka, na yeye anaeleza kwamba baiskeli ndiyo imemuumiza. Muuguzi alinitazama, akamtazama, akaandika alichoambiwa.

Alikwenda Buta kwa ndugu zake, akanitumia talaka. Mimi nilikaa kwa mama mpaka uso ukapona, kisha nikarudi Kisangani kufungua karakana, kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kutulisha. Niliwaambia watu nimemtazama Amisi miaka yote, kazi naijua. Ilikuwa kiburi tu, kwa maana kutazama siyo kujua. Fremu yangu ya kwanza niliiunguza kwa moto mwingi na haraka, nikaficha kwa rangi, nikampa msukuma mafuta mmoja. Ilimkatikia kwenye mteremko na bidoni zikiwa zimejaa. Alikuja hapa taya limefungwa kitambaa, anaongea kwa tabu.

"Mama, velo yako ilibakia kidogo tu iniue."

Nilingoja anipige. Ndivyo nilivyokuwa nimezoea, mtu akikosewa anapiga. Akakaa pale kizingitini, akasema atangoja mpaka nimtengenezee nyingine, na kweli alikuja kila siku kunitazama nikiifanya. Ile haikukatika. Tangu siku hiyo sijapaka rangi kabla mwenye baiskeli hajaviona viungio vikiwa vitupu.

Na kuna siku moja unayoikumbuka wewe vizuri kuliko mimi. Ulikuwa umeacha gesi wazi, moto ukarudi kwenye mpira wa shalumo, tukaponea chupuchupu. Nilichukua mpira wa ndani wa gurudumu nikakupiga nao. Nilikupiga sana. Nilipopumzika kuvuta pumzi sikukuona, nikainama, nikakukuta chini ya benchi, umefunika sikio lako zima kwa mikono miwili. Niliweka mpira chini nikatoka nje. Hujawahi kunitajia siku ile, na mimi sikuwahi kukuomba msamaha. Nilikupikia lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa moshi, nikaona nimemaliza. Naomba sasa, kwa maandishi, kwa neno lenyewe. Nisamehe, Shabani.

Sasa utaniuliza kwa nini nakuacha uende. Baba yako alipomtuma msukuma mmoja aje na namba yake ya simu na ile picha ya baiskeli aliyoitengeneza, wewe uliitazama picha kwenye simu yetu mpaka ikazima. Niliiangalia na mimi ulipolala. Baiskeli ya safari, nyepesi, keria mbele na nyuma, na kiungio kimechongwa vile vile. Ameifanya kwa mkono wa kushoto. Sijui ilimchukua muda gani kuufundisha mkono ule. Pikipiki za Kichina zimejaa, toleka, baiskeli za kubeba abiria, zinapungua kila mwaka, na nani ataagiza baiskeli kama ile sijui. Lakini najua kazi ninayoiona. Mimi natengeneza baiskeli zinazobeba. Yeye anatengeneza zinazokwenda, na hilo sina namna ya kukufundisha. Nikikuzuia, utakwenda siku nyingine kwa hasira, na hasira ndiyo kitu ambacho sitaki uingie nacho katika nyumba ile.

Utakapoona anachonga, utampenda. Hutaweza kujizuia, mimi sikuweza. Mpende. Ila siku atakapouliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani aligusa kitu chake, msikilize vizuri. Na ukijiona wewe mwenyewe, hata miaka ijayo, una chuma mkononi na mtu mdogo mbele yako, weka chuma chini utoke nje, hata kama ulikuwa na haki. Hasa kama ulikuwa na haki.

Leo, kabla ya mvua, nilimpigia. Hatukuwahi kuzungumza tangu kituo cha afya. Sauti imezeeka. Alisema, "Ni weye, Zaina?" Nikamwambia ni mimi. Nikasikia kuku nyuma yake na mtu anapiga nyundo.

Akauliza, "Mutoto anapenda kukula nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine. Nikamwambia sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa moshi, na pilipili kidogo tu.

"Bon. Nitaambia watayarishe."

Nikamwambia, "Amisi, mufundishe kazi. Yote. Usimufiche kitu. Lakini ile ingine, ile usimufundishe."

Nyundo kule ikaacha kupiga. Halafu akasema, "Sawa."

Nimeisikiliza ile sawa kichwani mchana kutwa na sijui ina uzito gani. Utakayejua ni wewe. Ukiona ni nyepesi, usingoje kuhakikisha mara ya pili, usifunge mizigo, usimuage mtu. Simama barabarani, panda chochote kinachokuja kusini. Ukifika hapa sitakuuliza kilichotokea, nitakuwekea maji ya kuoga jikoni, na utasema ukitaka.

Mama yako,
Zaina